Shavu la Kushoto

Wanawake wa mtaa wa Bondeni, Mungu awasamehe, wana macho ya kuhesabu machozi ya wenzao. Siku Salmin alipozikwa walimtazama mjane wake tangu asubuhi hadi magharibi, na walipokunja mikeka kwenda makwao kila mmoja alikuwa na neno lile lile mdomoni: Najwa hakulia. Mama wa marehemu, Bi Kadija, alizimia akamwagiwa maji, akazinduka, akazimia tena. Najwa yeye alipita na birika akiuliza nani hajapata chai na nani hatumii sukari. Usingejua kama ile ni arusi ama ni matanga.

Na wao walidhani wanamjua! Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Hata Najwa mwenyewe hakuelewa kilichompata. Alikingoja kilio kama watu wa mtaa ule wanavyongoja maji ya mfereji, ndoo tayari, sikio kwenye bomba, na hakikuja. Ilikuja ganzi. Alikunywa chai inayotokota bila kupuliza. Alioga maji ya ndoo katika baridi ya Julai, na Bi Kadija akamgombeza kupitia mlangoni, "Wewe, maji hayo hata ng'ombe wa Molo aliyezoea barafu angeyakataa!" Najwa akajibu, "Sawa, Mama," na kesho yake akaoga yale yale. Hakuwa mbishi. Hakusikia baridi, basi.

Siku moja alasiri, akiwa amejilaza chumbani, alimsikia mama mkwe wake akiongea na dada yake kwenye simu sebuleni. Pazia halizuii maneno. "Sijui kama alimpenda mwanangu," Bi Kadija alisema. "Nakaa naye, nakula naye, na sijui nakaa na nani. Eda ikiisha, nadhani ni heri arudi kwao." Najwa alisikiliza kama anayesikiliza habari za mtu mwingine. Nyumba ile ndiyo aliyoijua, na mama yule ndiye aliyebaki wa kumwita mama, kwa kuwa wake alishafariki. Angepaswa kuinuka aende akajitetee. Lakini alilala pale pale akiwaza jambo moja tu: labda ni kweli. Labda sikumpenda.

Hilo ndilo lililokuwa likimla, polepole, bila maumivu. Mtu anayempenda mumewe hulia. Yeye hakulia. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo.

Alikuwa bado kwenye eda. Kwa miezi minne na siku kumi mjane hatoki ovyo, hajitii wanja, hajifukizi udi, wala hagusishi uso wake chochote cha kuurembesha. Kwa mwanamke mwingine hilo lingekuwa jambo la kuvumilia tu. Kwa Najwa lilikuwa ni kufungwa mikono, maana kazi yake ilikuwa nyuso. Maharusi wa Nakuru, wa msikitini na wa kanisani, walikuwa wakipanda ngazi za nyumba ile wakiwa na chunusi, makovu na weusi wa chini ya macho, wakashuka na ngozi laini kama ganda la yai. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Siku ya kwanza ya msiba Bi Kadija alilisukuma sanduku la vipodozi chini ya kitanda, akakifunika kwa leso kile kioo kikubwa chenye taa ambacho Salmin alikipigilia ukutani kando ya dirisha. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama mtu anayefunga dirisha mvua ikinyesha.

Najwa alikuwa na namna yake ya kazi. Faundesheni ikiwa ndani ya chupa, alipenda kusema, ni mwongo mtupu. Ukiipaka mgongoni mwa mkono ni nusu mwongo, maana mkono una rangi yake na uso una yake. Ukweli unapatikana kwenye taya, karibu na dirisha, baada ya kungoja ikauke, kwa sababu nyingi huwa nyeusi zaidi zikikauka. Na kwa vile bibi arusi mwenye ngozi nyepesi ya kuwashwa hafai kupakwa na kufutwa, kupakwa na kufutwa, Najwa alijaribia kwenye taya lake mwenyewe, upande wa kushoto. Kila jioni alibaki na alama pale, ya maji ya kunde au ya kahawia, akaisahau. Salmin akirudi safari kitu cha kwanza kilikuwa kumshika kidevu. "Umebeba kazi mpaka nyumbani," angesema, akaifuta kwa kidole gumba, hata mbele ya mama yake. Bi Kadija angegeuka pembeni akakohoa, akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Sasa, Salmin alikuwa dereva wa lori. Alibeba viazi kutoka Molo, na kwa miaka mingi mzigo wake mkubwa ulikuwa wa mzee mmoja mkulima aitwaye Hiram. Ni viazi vya Hiram alivyokuwa amepakia siku breki zilipokataa kwenye mteremko wa kuja Salgaa. Hiram alikuwa na binti, Wachuka, na Wachuka alikuwa anaolewa. Kabla ya ajali, Salmin alikuwa amesimama kwenye shamba lile na matope hadi magotini akamwahidi yule binti, mbele ya baba yake, kwamba mkewe ndiye atakayempamba.

Wachuka hakumpigia Najwa. Alijua adabu, akampigia Bi Kadija. Akaeleza, akaomba msamaha, akasema kama haiwezekani ataelewa. Bi Kadija aliiweka simu kando. Kisha akamwita mkwewe.

"Ahadi ya Salmin ni deni langu," alisema. "Aje hapa nyumbani, umpambe. Uzuri wa mwenzako hauvunji eda yako. Lakini nisikilize vizuri, Najwa. Uso wako usiuguse. Hata tone. Nipe neno lako."

"Nakupa, Mama."

"Si kwa ajili yangu."

"Najua, Mama."

Bi Kadija akamkazia macho, akitafuta kitu kwenye uso ule, akakikosa kama kawaida, akaenda zake jikoni.

Wachuka alifika asubuhi ya arusi yake jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, amejifunga kitambaa kichwani na sweta mbili, pamoja na dada yake Sue aliyebeba gauni kwenye mfuko mrefu. Walimpa Bi Kadija pole, wakakaa kidogo bila kujua wasemeje, kisha wakaingia chumbani kwa Najwa. Bi Kadija alibaki jikoni akikaanga mahamri ya wageni.

"Najwa, si unajua vile hii uso yangu huwa," Wachuka alisema akivua kitambaa. "Nilienda saloon moja hapo town wakanifanyia trial. Wueh! Nilikaa kama mtu ametoka posho mill, unga kila mahali."

"Na akawashwa wiki mzima," Sue aliongeza. "Mathe wetu alikuwa anampaka maziwa."

Najwa alimwinua kidevu kuelekea dirishani. Ilikuwa ngozi ya Molo hasa, ngozi ya mtu anayeamka kukamua kukiwa na umande wa barafu. Mashavu yote mawili yalikuwa na mabaka meusi yaliyochomwa na baridi na jua, na chini ya macho palikuwa na kivuli. Kosa la wale wa saluni lilikuwa wazi: waliona weusi, wakaufunika kwa rangi nyeupe zaidi. Weusi ukifunikwa kwa weupe hautoki, unageuka kijivu. Kwanza unauzima kwa rangi ya machungwa, kidogo sana, ndipo unakuja na faundesheni. Na rangi ya chini ya ngozi ya Wachuka ilikuwa ya manjano, wala si ya wekundu. Waliopakaa nyekundu juu ya manjano walipata walichotafuta.

Yote hayo Najwa aliyajua bila kufikiri. Alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akaiondoa leso kwenye kioo kikubwa, na akamkalisha Wachuka mbele yake. Yeye mwenyewe alisimama kando, mgongo kwa kioo. Alimsafisha, akampaka mafuta mepesi ya kulainisha, akayaacha yaingie. Mikono yake ilikwenda. Yeye alikuwa mahali fulani mbali, anaitazama ikienda, na hakuona raha wala uchungu wa kuigusa tena kazi yake. Nje muuza maziwa alipiga honi. Sue alisimulia jinsi keki ilivyonusurika barabarani, na Najwa akaitikia "ehe" mahali pa kuitikia.

Alichanganya rangi mbili mgongoni mwa mkono. Ya kwanza ilikuwa ya manjano mno, akaongeza tone la ile ya pili. Akachukua kile kioo kidogo cha ndani ya kibweta cha poda, kinachoonyesha kipande cha shavu tu, akasogea dirishani. Akagusa taya lake la kushoto. Akangoja ikauke. Ikakaa vizuri, ikapotea kwenye ngozi kama haipo, maana rangi yake na ya Wachuka zilikuwa karibu sawa. Lakini tatizo la Wachuka halikuwa taya, lilikuwa mashavu na chini ya macho, na ngozi iliyowashwa wiki nzima si ya kujaribiwa. Basi akagusa rangi ya machungwa chini ya jicho lake, akaigandamiza kwa kidole. Akafuatisha faundesheni kwa sponji iliyoloweshwa, akibonyeza bila kusugua, kutoka puani kwenda sikioni. Konsila kidogo, ya kuficha kivuli. Poda kidogo sana, kwa brashi, ili isitulie kwenye mikunjo. Alitazama rangi. Hakujitazama. Rangi ilikuwa sawa, akafunga kibweta, akamrudia bibi arusi.

Mazoea hayo! Mtu anaweza kusahau kula, akasahau jina la siku, lakini mkono uliofanya jambo moja miaka nenda miaka rudi haungoji ruhusa ya mwenyewe.

Wachuka aliona, Sue pia aliona. Lakini wao watoto wa kanisani wangejua nini kuhusu eda? Walidhani fundi anajipodoa kidogo kwa heshima ya arusi, wakafurahi.

Kazi ilipokwisha Wachuka alifungua macho. Alikikaribia kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu, akatafuta yale mabaka yake, akayakosa, na hata poda aliyoitafuta akaikosa pia. Palikuwa na mwanamke tu mwenye ngozi iliyotulia. Midomo ikaanza kumtetemeka.

"Usilie," Najwa alimwambia. "Utaharibu."

"Silii." Akapepea macho kwa mikono. "Salmin alisema ukweli. Alituambia huko shamba, 'Bibi yangu atakufanya ukae kama wewe mwenyewe, siku umelala poa.' Nilidhani ni mdomo ya madereva."

Najwa akaitikia, "Ehe."

"Na nimefurahi na wewe umejipaka kidogo," Wachuka aliendelea kwa moyo mweupe kabisa, akimgusa mkono. "Hata hiyo shavu moja tu. Angefurahi kukuona hivyo."

Najwa alipeleka vidole kwenye shavu. Vilirudi na poda. Akageuka, na mlangoni alikuwa amesimama Bi Kadija na sinia la mahamri.

Hakuna aliyepiga kelele. Bi Kadija aliweka sinia chini, akawakaribisha wageni wale, akamsifu bibi arusi na kumwombea dua ya ndoa yenye heri, akawafungia mahamri kwenye karatasi wakale njiani. Aliwasindikiza mpaka ngazini. Najwa alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Alijua kilichotokea. Angesema nini, kwamba alisahau? Mjane anasahau kwamba ni mjane? Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko poda yenyewe. Akawaza nguo zake zitaingia kwenye mkoba upi, na akawaza hivyo kwa utulivu ulioshangaza hata nafsi yake.

Hatua za Bi Kadija zilirudi. Alikuwa na karai la maji, sabuni na kitambaa.

"Kaa."

Najwa akakaa kwenye kiti cha maharusi.

"Ulinipa neno lako."

"Nilikupa, Mama."

"Ulinipa neno lako, na mwanangu hajamaliza hata..." Bi Kadija aliweka karai chini kwa kishindo. Sauti yake ilikuwa ya hasira, hasira iliyongoja miezi mizima kupata mlango. "Hukumlilia. Nikanyamaza. Watu wakasema, nikanyamaza. Leo unajipamba ndani ya nyumba yake. Niambie, Najwa. Niambie tu nijue. Nitazame uniambie!"

Akamshika kidevu na kumgeuza kwa nguvu kuelekea dirishani.

Jua lilikuwa limekwisha kuingia chumbani. Bi Kadija akautazama uso ule. Upande wa kushoto alimwona msichana aliyeingia nyumba ile akiwa bibi arusi, shavu limejaa, ngozi moja laini, jicho limekaa mahali pake. Upande wa kulia alimwona mtu mwingine. Shavu lilikuwa limebonyea. Ngozi imekauka na kupasuka kwenye pembe ya mdomo. Chini ya jicho palikuwa peusi kama palipopakwa makaa, na mstari ulioshuka toka puani ulikuwa mstari wa mwanamke wa umri wa Bi Kadija mwenyewe. Mambo hayo yalikuja kidogo kidogo, siku kwa siku, na mtu unayemwona kila siku humwoni. Sasa zilikuwa pande mbili za uso mmoja, zimewekwa bega kwa bega, na tofauti yake ilikuwa Salmin.

Bi Kadija alimgeuza kushoto. Akamgeuza kulia. Mkono wake ukalegea kwenye kidevu.

"Umekwisha hivi," alisema polepole, "na mimi niko humu humu ndani?"

Najwa hakuelewa anaambiwa nini. Bi Kadija akamgeuza kwenye kioo kikubwa, kile cha Salmin, ambacho asubuhi nzima alikuwa amekipa mgongo. Najwa akatazama. Kwanza alitazama kama fundi, akaona kwamba kazi ya shavu la kushoto ni safi. Kisha akaliona la kulia, akafikiri, maskini huyu, amepatwa na nini? Ilipita kitambo kabla hajatambua kuwa ni yeye.

"Sikulia, Mama," alisema. "Nimejaribu. Nilidhani pengine sikumpenda."

"Nyamaza." Bi Kadija alikuwa analia sasa, kilio kisicho na sauti, tofauti kabisa na kile cha mazikoni. "Nyamaza, mwanangu. Hukulia wewe. Uso umelia peke yake."

"Nilisahau. Wallahi nilijaribia rangi tu, nikasahau kufuta. Mimi husahau. Yeye ndiye alikuwa..."

"Najua nani alikuwa anakufuta," Bi Kadija alisema. "Nilikuwa nakohoa, sikuwa kipofu."

Alivuta kigoda, akakaa mbele yake magoti kwa magoti, akachovya kitambaa kwenye karai. Alianzia chini ya jicho. Hakuwa na mkono wa ufundi, alisugua kama anayemwosha mtoto masizi, na rangi ikatoka kwa mafungu, ya kahawia kwanza, kisha ile ya machungwa. Chini yake weusi ukarudi kidogo kidogo, ukaungana na wa upande wa pili. Alipofika kwenye taya alikiacha kitambaa, akatumia kidole gumba kilicholowa. Kilikuwa kipana, na ncha yake imepinda kwa nje kidogo. Najwa alikijua kidole kile. Hakuwahi kujiuliza Salmin alikitoa kwa nani.

Akashtuka, akashika kiwiko cha mama mkwe wake.

"Nimekuumiza?"

"Maji," Najwa alisema. "Maji ni ya baridi."

Bi Kadija alimtazama. Aliukumbuka mlango wa bafu, na ndoo za Julai, na "sawa, Mama" zote zile. Akaweka kitambaa chini haraka. "Ngoja, ngoja niyapashe moto, birika bado liko jikoni," akasema, tayari ameshainuka nusu.

Najwa hakukiachia kiwiko.

"Usiyapashe, Mama," alisema, na meno yakaanza kumgongana. "Acha yawe baridi tu. Endelea."

Bi Kadija akakaa tena, akakichovya kitambaa.